Maswali Yenu: Digrii ya Mtandaoni Inayopima Umahiri

Barua za safari hii zinahusu vyuo ambavyo mtu mzima hahesabiwi saa alizokaa darasani. Anapimwa anachokiweza, na akishafaulu anasonga mbele.

Nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi), zamu za usiku. Naambiwa kwenye chuo cha mtandaoni cha WGU mtu anamaliza digrii haraka na kwa ada ndogo. Ni kweli? Na cheti kinatambulika?
*Dada wa Dallas, Texas*

Ni kweli, dada, ila ni lazima uielewe hesabu yake. Western Governors University (WGU) ilianzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo 19 ya Marekani, na makao yake yako Salt Lake City. Hulipi kwa kozi, unalipa ada moja kwa muhula wa miezi sita. Kwa shahada ya kwanza unachukua angalau yuniti 12 (vipimo vya ukubwa wa kozi, kama krediti) kila muhula, na ukizimaliza mapema mshauri wako anakufungulia kozi nyingine bila nyongeza ya ada.

Tuseme programu ya masomo ina yuniti 120 na huna ulichohamisha kutoka chuo kingine. Ukienda na 12 tu, hiyo ni mihula kumi, yaani miaka mitano ya kulipa. Ukiweza 24, ni mihula mitano, na gharama yote inashuka nusu. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, andika saa unazoweza kusoma kila wiki ukiwa macho kweli, si zile za baada ya zamu mbili mfululizo. Usijipime kwa mtu anayesimulia kwamba alimaliza ndani ya muhula mmoja. Mara nyingi mtu huyo aliingia na krediti nyingi mkononi.

Kuhusu cheti kutambulika: ithibati inatoka NWCCU, chombo kilekile kinachotoa ithibati kwa vyuo vikuu vya umma vya majimbo ya Washington na Oregon. Jambo moja tu: hakuna A wala B. Kufaulu kunahesabiwa sawa na wastani wa 3.0 kati ya 4.0, yaani B. Kama lengo lako la baadaye ni shule inayochuja watu kwa alama za juu, iulize shule hiyo kwanza.

Kuwa mwangalifu pia na wiki za mwisho za muhula. Ukifungua kozi ya ziada na usiimalize, inaandikwa kuwa uliichukua na hukufaulu. Msaada wa masomo wa serikali unaoombwa kupitia fomu ya FAFSA unadai uwe unafaulu takriban theluthi mbili ya yuniti ulizochukua. Wengi wameingia matatani kwa haraka hiyo. Omba kozi mpya pale tu mtihani wa majaribio umeshakuonyesha kuwa uko tayari.

Nasoma WGU, na kazi yangu ya kuandika imerudishwa mara mbili. Nimejibu kila kitu na Kiingereza changu ni kizuri. Wanataka nini?
*Kaka wa Minneapolis*

Anayesahihisha kazi yako si mwalimu wako. Hakujui, na hasomi ili avutiwe. Ana jedwali la vigezo mbele yake na anashuka mstari kwa mstari: hakuna ushahidi, inakaribia umahiri, ina umahiri. Mstari mmoja tu ukibaki kwenye "inakaribia", kazi nzima inarudi.

Chukua mfano wa kigezo kama hiki: "Eleza njia mbili za kupunguza makosa ya dawa wodini, na utoe mfano mmoja kwa kila njia." Mwanafunzi mzoefu wa hospitali anaandika ukurasa mzima, mzuri kabisa, kuhusu kukagua jina na mkanda wa mgonjwa, na mfano juu yake. Njia ya pili anaigusa kwa sentensi moja, mfano hakuna. Kazi inarudi, japo maarifa anayo. Vitu vinne viliombwa, yeye ametoa viwili na nusu.

Dawa yake: kabla hujaandika neno, weka vichwa vya habari kwenye faili lako kama vilivyo kwenye maelekezo, A, A1, A2, B, na kadhalika. Chini ya kila kichwa jibu hicho tu. Pigia mstari vitenzi na idadi. "Taja" inatosheka na orodha. "Eleza" inadai kwa nini au kwa namna gani. "Linganisha" inataka pande zote mbili zionekane. Vichwa viwe vifupi, usibandike swali zima ndani ya kazi, kwa sababu programu ya kukagua wizi wa maandishi italihesabu na asilimia ya ufanano itapanda bure.

Kazi ikirudi, rekebisha mistari iliyotajwa tu. Ukiandika yote upya, unaweza kuharibu ile iliyokwisha kupita. Na kama maoni ya msahihishaji hayaeleweki, mpigie mwalimu wa kozi siku hiyohiyo. Ada yako inamlipa kwa kazi hiyo.

Kwa mitihani unayoifanyia nyumbani huku ukisimamiwa kwa kamera, tatizo kubwa huwa ni laptopu ya ofisini: inazuia programu ya usimamizi kuingia. Tumia yako mwenyewe, kamera ya nje ikiwa upande, ionyeshe mikono, meza na skrini. Jaribu kila kitu siku moja kabla.

Nilisoma miaka miwili chuo kikuu Lubumbashi. Itahesabiwa WGU?
*Baba wa Columbus, Ohio*

Inawezekana, baba, lakini fanya kabla ya kuanza muhula wa kwanza, kwani ukishaanza, mlango wa kuhamisha krediti kwa kawaida unafungwa. Omba relevé zako (karatasi za alama) kutoka chuoni, zitafsiriwe Kiingereza, kisha zipelekwe kwa shirika la tathmini lililo mwanachama wa NACES (muungano wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje), kama WES. Agiza ripoti inayochambua somo kwa somo. Ile fupi ni ya bei nafuu, lakini inasema tu kiwango ulichofikia, na chuo hakiwezi kukupa krediti kwa hiyo. Anza mapema, maana karatasi za Kongo zinaweza kuchukua miezi.

Niko Dar es Salaam. Naweza kujiunga?
*Msomaji wa Temeke*

Na WGU, hapana, kinapokea wanaoishi Marekani. Hapo ulipo, angalia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa tangu 1994. Kama huna sifa za kawaida lakini una ujuzi wa kazini, ulizia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) mitihani ya kutambua ujuzi uliopatikana kabla. Na chuo chochote cha nje kikikuita mtandaoni, waulize TCU kama wanakitambua kabla hujatuma hata shilingi.