Bosi yuko SGR, mshahara bado

SWALI: Shikamoo Anti. Nipo kwenye karakana moja ya madirisha ya aluminiamu huku Kizota, Dodoma, mimi ni wa ofisini naandika oda na risiti. Mshahara wetu ni tarehe 30 ila safari hii imefika tarehe 12 hola, bosi katuita anasema kuna hela imekwama kwa mteja wa Mtumba hukuhuku Dodoma, tuvumilie. Haya, tukavumilia. Jioni nafungua statasi namuona huyo kwenye SGR anaenda Dar, juisi mezani, kaandika "uongozi ni kujitoa". Nilicheka weee halafu nikanuna. Mafundi wakapiga skrinshoti ikatua kwenye grupu letu ambalo yeye hayumo, na tangu hapo akiongea tunaangaliana tu, hata akisema la maana. Halafu TikTok naona mabosi wa wenzetu wanakula ugali sahani moja na mafundi wao. Nimeanza kumdharau na sipendi hii hali. Nifanyeje?
Wa Kizota

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo "uongozi ni kujitoa" na mimi imenichekesha, usijione mbaya.

Ila ngoja tuitazame hiyo picha vizuri. Treni ilipoanza 2024 daraja la kawaida Dar–Dodoma lilikuwa 31,000, sasa hapo hata fundi mmoja halipwi, na wewe hujui, pengine ndo kaenda kuifuata hiyo hela yenyewe, huenda huyo mteja wa Mtumba ana ofisi ya malipo Dar. Mimi niliwahi kumnunia bosi wangu wiki nzima kisa picha za harusi ya kifahari, kumbe ukumbi kalipa shemeji yake na yeye mwenyewe ile suti aliazima! Nilijisikia vibaya mpaka leo nikimuona naangalia pembeni.

Sasa simtetei. Kosa lake siyo treni, kosa ni kwamba aliwaambia "tuvumilie" bila tarehe halafu akakaa kimya, na mtu akikaa kimya statasi ndo inamsemea. Angewaambia asubuhi "nakwenda Dar kufuatilia, Ijumaa nawapa jibu", picha ileile mngeiombea dua. Na hao wa TikTok ndugu yangu, kamera imeshikwa na nani? Siku wanayokopwa mshahara huwa hawarekodi. Usimpime wa kwako kwa dakika moja ya mtu usiyemjua, mpime kwa mnavyolipwa na anavyowajibu mkikosea.

Kwa hiyo mfuate, wewe ndo wa ofisini, shika daftari lako la oda, mwambie kistaarabu "bosi, watu wanataka tarehe, hata kama ni nusu nusu". Siyo hisani hiyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mshahara ulipwe siku mliyokubaliana. Akizungusha zungusha kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapohapo Dodoma wapo, ila anzeni kwa mdomo kwanza. Muulize na statasi ukitaka, ila mkiwa wawili tu, siyo mbele ya mafundi, mtu mzima ukimvua nguo hadharani anabaki kushindana na wewe badala ya kutafuta hela.

Statasi zake nenda ukazimyuti, hutakosa kitu, zinafutika zenyewe baada ya masaa 24. Na ukiendelea kuzichungulia kumbuka kwenye orodha ya walioangalia anakuona, labda uwe umezima zile tiki za bluu.

Kilichonitia wasiwasi kuliko yote ni grupu. Skrinshoti haina mwenyewe, leo inacheka na wewe kesho iko kwa bosi na jina lako juu, na mkianza kuandika "kala hela zetu" wakati hamna ushahidi, ujue kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 na taarifa za uongo zimo humo. Hebu niambie, hilo grupu mmeliitaje? Kama jina lina neno bosi ndani yake, libadilisheni leo kabla hajarudi.