Ukijitolea kufafanua falsafa, usiwanyang'anye watu swali

Siku ya kwanza nilipojitolea kuongoza mazungumzo ya falsafa maktabani, nilichagua sentensi ambayo niliamini haiwezi kunishinda. Niliandika ubaoni: "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Nikaanza kueleza jinsi mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alivyotilia shaka kila kinachoweza kutiliwa shaka, hata macho yake, hata mwili wake mwenyewe, mpaka akafika mahali ambapo shaka yenyewe ilimthibitishia kwamba kuna mwenye kushuku. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyo bwana yupo wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Nikamjibu haraka kwamba hilo halihusiani na mada, nikaendelea na mhadhara wangu. Mzee hakuuliza tena siku ile.

Swali lake halikuniacha. Katika Kiswahili, "nipo" limebeba mahali ndani yake. Hiyo "po" ndiyo ile ile ya "hapo" na "alipo". Ukisema mtu yupo, sikio linangoja kuambiwa yupo wapi. Sasa Descartes, katika hatua ile ya hoja yake, hana tena pa kuwapo: mwili ameutilia shaka, na chumba, na dunia yote. Je, mtu anaweza kuwapo pasipo mahali? Mzee alikuwa ameweka kidole penyewe. Baadaye nilikuja kujua kwamba Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, aliijenga hoja ya namna hiyo hiyo kutoka lugha ya Kiakan, ambamo kusema kitu kipo ni kusema kipo mahali fulani. Mimi niliyekuja kuwaletea watu falsafa ndiye niliyeifukuza ilipoinua mkono.

Na si "nipo" tu. Hata "nafikiri" lilinichongea. Kila siku tunasema "nafikiri atakuja kesho" tukimaanisha kwamba hatuna hakika. Basi sentensi iliyokusudiwa kuwa msingi wa uhakika wote, niliiandika kwa neno ambalo watu hulitumia wanapobahatisha. Siku hizi naandika: "Nina shaka, kwa hiyo kuna mimi mwenye shaka." Ni ndefu, haina mvuto wa ile ya kwanza, lakini watu wanaanza kuijadili badala ya kuinakili daftarini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoniuliza jinsi ya kuanza kazi hii hudhani shida ni kupata mifano mepesi. Mifano haijawahi kunipungukia. Shida ni kujua ugumu upi uuondoe na upi uuache. Wazo la falsafa lina ugumu wa aina mbili. Upo ugumu wa maneno: istilahi, sentensi za nusu ukurasa, majina ya watu waliokuwa wakibishana na watu wengine. Huo uondoe bila huruma. Kisha upo ugumu wa swali lenyewe, pale ambapo kila jibu linakudai kitu ambacho hutaki kukitoa. Huo ukiuondoa, umeondoa falsafa yenyewe, na msikilizaji wako ataenda nyumbani na methali.

Wala usione haya kwamba wazo linahitaji kuelezwa mara ya pili. Immanuel Kant alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu mipaka ya akili mwaka 1781, kikaeleweka vibaya hata na wasomi wenzake, na mwaka 1783 akaandika kingine kifupi zaidi ili kuieleza njia yake upya. Descartes naye, alipotoa kitabu chake kuhusu mbinu ya kufikiri mwaka 1637, alikiandika kwa Kifaransa na si kwa Kilatini cha wasomi, kwa sababu aliwatumainia zaidi watu wanaotumia akili yao ya kuzaliwa kuliko wale wanaoamini vitabu vya kale tu. Miaka minne baadaye alirudi kwenye Kilatini alipotaka kuongea na wanazuoni. Alijua kwamba lugha unayoichagua ndiyo inayowachagua wasomaji wako.

Sasa nieleze kipindi kimoja kwa kirefu, maana ndicho kilichonifundisha zaidi.

Nilitaka kueleza wazo la John Rawls, la mwaka 1971, kuhusu pazia la kutojua. Kwa ufupi: tuseme mnatakiwa kupanga kanuni za jamii mtakayoishi, lakini hakuna anayejua atakuwa nani humo. Hujui kama utakuwa tajiri au fukara, mzima au mgonjwa, mwenye kipaji au la. Rawls anasema kanuni mtakazokubaliana mkiwa nyuma ya pazia hilo ndizo za haki, na kwamba mkitumia akili mtahakikisha kwanza aliye chini kabisa hali yake ni bora kadiri inavyowezekana, kwa sababu huenda huyo wa chini ukawa wewe.

Sikuhutubia. Nilikunja vikaratasi 20, kila kimoja kimeandikwa hali ya maisha ya mtu mmoja, nikaviweka mezani vikiwa vimefungwa. Nikasema: kabla ya kuvifungua, tukubaliane tunavyogawana mapato na kazi. Kila mtu akashusha sauti. Watu waliokuwa wakibishana kwa nguvu dakika tano kabla, sasa wakawa wanaangalia vikaratasi. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema, "Mwalimu, mimi sioni kwa nini nimfikirie wa chini peke yake. Hapa vipo 20, na wa chini kabisa ni mmoja. Mimi ningechagua mpango unaowapa wengi zaidi, nijaribu bahati yangu."

Miaka miwili nyuma ningemrekebisha. Ningesema, "Hapana mama, Rawls anasema hivi." Safari hii nilinyamaza, na kimya kikafanya kazi. Kijana aliyekuwa mkabala naye akamjibu kwamba bahati unaweza kuijaribu kwa fedha za mfukoni, lakini haya ni maisha yako yote na hakuna kurudia. Mama akasema anayeogopa kila kitu hata nyumbani hatoki. Wakaenda hivyo kwa nusu saa, na wengine wakaingia. Mwishoni ndipo nilipowaambia kwamba mchumi John Harsanyi alimpinga Rawls kwa hoja inayofanana sana na ya mama, na kwamba alichosema kijana kinakaribia sana utetezi wa Rawls mwenyewe. Mama aliniangalia, akauliza jina la Harsanyi linaandikwaje. Nikamwandikia.

Angalia mpangilio. Jina la mwanafalsafa lilikuja mwisho. Ukilitanguliza, watu wanajiona wanafunzi na wanaanza kukuangalia wewe usoni kujua jibu sahihi. Ukilichelewesha, wanakutana naye kama mtu ambaye aliwahi kupita njia waliyopita wao. Hili ndilo ningelisisitiza kuliko yote kwa anayeanza.

Kuna maswali ambayo yataonekana ya kupotosha mada, na mengine ni ya kupotosha kweli. Mwaka 1967 Philippa Foot alitoa mfano wa dereva wa gari la reli lililoshindikana kusimama: akiliacha liende litaua watu watano, akiligeuza njia litaua mmoja. Kila ninapouleta, mtu huuliza kwa nini dereva asipige honi. Usimdharau. Anatafuta njia ya kutomuua mtu yeyote, jambo ambalo mtu mwema yeyote angelitafuta. Jibu kwa heshima, "Amepiga, hawakusikia," halafu mrudishe kwenye njia panda. Akiuliza mara ya tatu, huenda anachosema ni kwamba hakubali kupimiwa maadili kwa visa vya kubuni. Wapo wanafalsafa wanaosema hivyo pia, na hilo linastahili kipindi chake.

Jihadhari na nukuu. Zinapendwa, zinasambaa haraka, na zinaharibu. Chukua "Mungu amekufa" ya Friedrich Nietzsche. Nimeona watu wakiondoka ukumbini kwa hasira kwa sababu ya maneno hayo mawili, na wengine wakishangilia, na pande zote mbili hazikuwa zimeambiwa anayeyasema ni nani. Katika kitabu cha mwaka 1882, anayeyasema ni mwendawazimu anayeingia sokoni na taa asubuhi kweupe akimtafuta Mungu. Wanaomcheka ni watu wasioamini. Naye anawaambia: sisi ndio tuliomuua, ninyi na mimi, na bado hamjaelewa mlichofanya. Ukisimulia tukio lote, muumini na asiyeamini wote wanapata cha kubeba. Ukitoa maneno mawili, umewagombanisha bure.

Vivyo hivyo kwa Wastoiki, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma. Epictetus, aliyezaliwa utumwani, alianza kwa kutenganisha yaliyo ndani ya uwezo wetu na yasiyo ndani yake. Siku hizi fundisho hilo linauzwa kama "usijali, songa mbele". Lakini ukilisoma kwa makini linatisha: linasema hata mwili wako, mali yako na sifa yako haviko mikononi mwako kikamilifu. Mtu aliyefiwa akikusikia ukilipunguza likawa maneno ya kutia moyo, atajua hujalifikiria. Mimi niliwahi kufanya hivyo mbele ya dada aliyekuwa amefiwa wiki chache tu nyuma, nami sikujua. Alisubiri watu watoke, akaniambia, "Kaka, hayo uliyosema ni mepesi mno." Tangu hapo sisemi neno la Wastoiki bila kusema pia linadai nini kwa anayelikubali.

Mambo ya kazi yenyewe nitayapita upesi. Kipindi cha saa moja hunichukua saa nne au tano za kusoma na kuandika upya, kwa hiyo nilijiwekea vipindi viwili kwa mwezi na nimekataa kuongeza hata nilipoombwa sana. Kujitolea kusikofikiriwa huisha ndani ya miezi mitatu, na wanaoumia ni wale waliozoea kuja. Tafuta mwenzako. Mmoja aongoze, mwingine asikilize na kuandika maswali, hasa yale ambayo kiongozi ameyaruka bila kujua. Tafuta pia mtu mmoja aliyesoma falsafa rasmi, umtumie muhtasari wako kabla, umwombe akuonyeshe ulipomsingizia mwanafalsafa jambo ambalo hakusema. Wengi wanakubali wakiombwa kitu kidogo chenye mwisho: ukurasa mmoja, swali moja. Ukiandika, msomee kwa sauti mtu asiyejali falsafa, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake. Asiulizwe kama ameelewa, maana kwa adabu atasema ndiyo. Akueleze. Pale atakapokwama ndipo ulipojificha nyuma ya neno.

Kuhusu istilahi, mimi huanza na swali na kulileta neno baadaye. "Unajuaje kwamba unajua?" Tukishaumia nalo, nasema tawi linaloshughulikia hilo linaitwa epistemolojia. Neno linapokewa kama jina la mtu waliyekwisha kukutana naye.

Yule mzee wa dirishani alirudi baada ya wiki kadhaa. Nilimfuata kabla ya kipindi, nikamwomba radhi, nikamweleza habari za Wiredu na Kiakan. Alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe na yeye aliliona." Kisha akaniuliza, "Na nikiwa ndotoni je, mwanangu? Naona niko shambani nalima, kumbe nimelala. Wakati huo nipo wapi? Na nitajuaje kwamba sasa hivi siko huko?"

Nilikuwa na mada nyingine kabisa mkononi. Nikaikunja karatasi, nikamwomba alirudie swali lake mbele ya wote, nikavuta kiti nikakaa. Tulilijadili saa nzima na dakika 20 juu yake. Kwamba Descartes naye ameiweka ndoto hiyo hiyo mwanzoni mwa shaka zake, nilimwambia tulipokuwa tukipanga viti.