Usichanganye seva za ndani na za umma katika orodha moja ya DNS

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kwa nini programu yake ya Python, inayotumia dnspython, maktaba ya kuulizia seva za DNS, huambiwa mara mojamoja kwamba seva ya hifadhidata ya kampuni haipo, ilhali muda mfupi baadaye jina lilelile hupatikana bila shida. Ameniambatanishia mipangilio yake ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani: seva mbili za ndani, kisha 8.8.8.8, seva ya umma ya Google, kwa ajili ya dharura.

Tatizo hili nalijua kwa uchungu. Katika mradi mmoja niliofanyia kazi zamani, niliweka seva za ndani peke yake, lakini kiongozi wa mradi akaongeza seva ya umma bila kuniuliza, na programu ilipoanza kuyumba ni mimi niliyeitwa kikaoni kujieleza. Nilinasa mawasiliano ya bandari ya 53, inayotumiwa na DNS, kwa chombo kiitwacho tcpdump, nikawaonyesha swali lilivyokwenda kwa seva ya ndani iliyokuwa imezidiwa, likakosa jibu, likapelekwa kwa seva ya umma, nayo ikajibu upesi: NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo. Mipangilio ilirekebishwa siku ileile. Hakuna aliyeniomba radhi, na jambo hilo bado linaniuma, ingawa najivunia kwamba ushahidi wangu haukupingwa.

Programu ya namna hii haitafuti jina yenyewe kuanzia kwenye mizizi ya DNS, yaani seva za kilele cha mfumo huo, bali hupeleka swali kwa seva ulizoitajia, na huamini inachoambiwa. Seva ikinyamaza, dnspython huuliza inayofuata. Ikijibu SERVFAIL, yaani imeshindwa kulishughulikia swali, kwa kawaida huiacha na kuendelea na nyingine. Lakini NXDOMAIN ni jibu kamili, na hakuna seva nyingine itakayoulizwa ili kulihakiki. Majina ya ndani, kwa mfano yanayoishia na .internal, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliyatenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani, hayamo kwenye mizizi, kwa hiyo seva ya umma inaposema hayapo inasema kweli. Kosa ni la aliyeipelekea swali lisiloihusu.

Kwa hiyo, kila seva iliyomo katika orodha moja iwe na uwezo wa kujibu maswali yote yatakayopelekwa kwenye orodha hiyo. Tengeneza Resolver mbili (Resolver ni kitu cha dnspython kinachobeba orodha ya seva na kuziuliza), zote kwa configure=False ili zisichukue chochote kutoka /etc/resolv.conf, faili la mipangilio ya DNS ya kompyuta: moja yenye seva za ndani tu, nyingine yenye seva za umma tu, kisha programu yako ichague kwa kutazama mwisho wa jina. Ukiona hilo ni zito, weka katikati seva ya DNS kama Unbound au dnsmasq, igawe maswali kulingana na kikoa, na orodha ya programu ibaki na anwani ya seva hiyo moja.

Wala usidhani kwamba orodha ndefu ni usalama. Katika matoleo ya sasa, dnspython huisubiri kila seva sekunde 2, na swali zima hupewa sekunde 5; seva mbili za kwanza zikinyamaza, ya tatu hubakiwa na takriban sekunde moja, na ya nne haifikiwi kabisa. Watu hurundika anwani kwa sababu ya hofu, na hofu haijawahi kuwa msingi wa mipangilio mizuri. Kila anwani unayoiandika uweze kueleza iko pale kwa kazi gani, na kama huwezi, ifute, hata kama iliwekwa na mkubwa wako.

Kwa ndugu msomaji aliyeniandikia: ondoa 8.8.8.8 leo, kisha zima kwa makusudi seva zote mbili za ndani katika mazingira ya majaribio na uulize jina la hifadhidata. Unapaswa kupata LifetimeTimeout (muda wa swali umekwisha) au NoNameservers (hakuna seva iliyoweza kujibu). Ukipata NXDOMAIN, bado kuna seva ya nje inayojibu mahali fulani, na pa kuanzia kuitafuta ni kwenye Resolver iliyoundwa bila configure=False.