Maswali yenu: mtoto, kitabu na penseli

*Mwanangu wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) huimba a, be, che mpaka mwisho bila kukosea. Nikimwonyesha "m" peke yake hata haijui. Nifanyeje? (Mama, Likoni)*

Huo ni wimbo, mama, na wimbo kaujua vizuri. Majina ya herufi yaweke kando kwanza, mpe sauti. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja husomeka vilevile popote uikutapo, kwa hiyo anza na hizo. Zikimkaa, mpe m: ma, me, mi, mo, mu. Siku hiyohiyo atasoma mama na mimi. Ongeza t, apate moto, mate na tamu. Usimrundikie herufi kumi kwa wiki moja.

Sikio nalo lifanye kazi. Mkisubiri feri, mwambie akutajie vitu vinavyoanza na "ma": mabuyu, maembe, matatu. Akisema "ndizi", cheka, kisha tamkeni pamoja polepole: ndi-zi. Hapo hakuna daftari wala penseli, na ndiko kusoma kunakoanzia.

*Kijana wangu kaandika "ndia" na "mtele", mwalimu akakata kwa wino mwekundu. Nyumbani twasema hivyo. Nimkataze Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa? (Baba, Kibokoni)*

Usimkataze hata kidogo. Mtoto aliyesikia "ndia" akaandika n-d-i-a kazi kaifanya: sauti kaisikia, herufi zake kazipata. Msifu kwa hilo kwanza. Mwalimu naye ana haki yake, kwani vitabu na mitihani ni Kiswahili sanifu. Basi mfanyie mchezo. Wewe taja la nyumbani, yeye ajibu la kitabuni: ndia, njia; mtele, mchele; kuteka, kucheka; nti, nchi. Watoto wa mji huu hawashindwi na mambo mawili mdomoni, na huyu akikua ataweza kumsoma Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, bila kuhitaji mkalimani.

Kinachonikera mimi ni mzazi anayeacha lugha yake akamsemesha mtoto Kiingereza cha kuungaunga, eti asome upesi. Mtoto ataunganisha silabi za neno asilolijua, amalize, akutazame tu. Maneno mengi aliyoyasikia nyumbani ndiyo yanayomwambia alichokisoma ni nini.

*Chuoni (madrasa) huandika kutoka kulia, shuleni kutoka kushoto. Sasa "b" yake ni "d" na 3 imegeuka nyuma. Chuo kinamchanganya? (Mama, Majengo)*

La. Hata watoto ambao hawajawahi kuiona alifu hugeuza b na d, na mpaka miaka sita au saba ni jambo la kawaida. Mchoree kitone cha rangi pambizoni kushoto, ajue pa kuanzia. Akiandika b aseme kwa sauti, "fimbo kwanza, mpira baadaye." Akifika minane na bado, au akishindwa hata kuunganisha silabi mbili, kaa na mwalimu wake, na macho na masikio yapimwe.

*Mimi ni bibi yake, sikusoma. Nitamsaidiaje mjukuu? (Bibi, Kisauni)*

Shikamoo, bibi. Wewe una "Paukwa!" na wenye simu kubwa hawana. Mtolee ngano na vitendawili kila usiku, umkatishe katikati: "Unadhani sungura atafanyaje?" Mtoto aliyezoea kubashiri hadithi hubashiri na kitabuni. Jioni naye akusomee. Akikariri badala ya kusoma utamjua: ziba picha kwa kiganja, umwambie akuonyeshe kwa kidole neno alilolitaja.

Na kuandika je? Mkalishe karibu nawe mkitunga asumini, au akusaidie kusuka ukili na kukanda unga wa mahamri. Vidole vikipata nguvu huko, penseli haimsumbui.

*Simu inafaa? (Baba, Changamwe)*

Kidogo, na ukiwa umekaa naye. Peke yake atabonyeza tu.

*Binti yangu hushika penseli kwa mkono wa kushoto. Mamangu asema nimfunge. (Mama, Mtongwe)*

Usimfunge. Mwambie mamako kwa adabu kwamba wa kulia utabaki wa kula na kusalimia. Penseli ni jambo jingine. Karatasi ailaze mshazari, upande wa juu uinamie kulia, na darasani umwombe mwalimu amkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto, wasigongane viwiko na mwenzake.