Unataka fizikia ya superkondakta na uko Mombasa? Anza na mchoro mmoja

Kila muhula hanikosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, nataka kusomea mambo ya kompyuta za kwantamu, lakini hapa Mombasa hatuna maabara ya baridi kali. Nianzie wapi?" Tangu Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2025 iwaendee John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, maswali hayo yamezidi. Watatu hao walionyesha huko Berkeley, Marekani, mwaka 1984 na 1985, kwamba saketi nzima ya umeme, kitu cha kushikika mkononi, inaweza kutii sheria za kwantamu kama chembe moja.

Njia hii nimeipita nikiwa papa hapa pwani, nikifanya kazi ya nadharia kwa karatasi na laptopu, na ushauri wangu ni huu: kompyuta za kwantamu ziache kwanza. Saketi zao nyingi hutengenezwa kwa superkondakta, yaani metali inayopitisha umeme bila ukinzani wowote ikipozwa sana. Chukua mchoro mmoja, wa mkondo dhidi ya volteji kwenye kiungo cha Josephson, yaani superkondakta mbili zilizotenganishwa na kihami chembamba, ukae nao mpaka kila kona yake uweze kuieleza kwa nambari. Elektroni zinavyopita kwenye vifaa vya kipimo cha nanomita, karibu yote imo mle.

Kabla ya mchoro, zoea ukubwa wa vitu. Mchana wa Februari hapa kwetu, nyuzi 30 za Selsiasi, yaani kelvini 303, mtikisiko wa joto una nishati ya takriban milielektronivolti 26. Pengo la nishati la aluminiamu, lile linalozikinga jozi za Cooper (elektroni mbili mbili zinazobeba mkondo bila ukinzani) zisivunjike, ni kama milielektronivolti 0.18 tu. Ukigawanya, joto la Mombasa ni karibu mara 145 ya pengo, kwa hivyo hakuna jozi ya kusalimika. Aluminiamu hupoteza ukinzani wote ikishuka chini ya kelvini 1.2 hivi, lakini hapo bado joto linaisumbua. Ipeleke kwenye milikelvini 20 hesabu igeuke: sasa pengo ndilo kubwa, kama mara 100 ya mtikisiko wa joto. Fanya hesabu hii kwa mkono wako, usiisome tu. Ukishaifanya utajua kwa nini majokofu yale ni ya lazima, na pia utaweza kukisia kifaa chochote utakachosimuliwa kinahitaji baridi kiasi gani.

Haya, kiungo chenyewe. Ni tabaka mbili za aluminiamu na katikati yake oksidi, kihami chenye unene wa nanomita moja au mbili. Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22, alitabiri kwa hesabu kwamba jozi za elektroni zitavuka kihami hicho bila volteji yoyote. Mwaka uliofuata Philip Anderson na John Rowell wakauthibitisha utabiri huo maabarani. Mwaka huo huo wa 1963 Ambegaokar na Baratoff wakatoa kanuni ambayo ningependa kila anayeanza aijue: zidisha mkondo wa juu kabisa ambao kiungo hubeba bila volteji kwa ukinzani wake wa kawaida, ule kinaoonyesha kikiwa si superkondakta, na kwenye baridi kali jibu litategemea pengo peke yake. Kwa aluminiamu ni kama milivolti 0.28. Kiungo chenye ukinzani wa kilo-omu moja, basi, kitabeba mkondo wa mikroampea 0.28 bila volteji, na ukizidisha hapo kitashindwa.

Hivi majuzi nilikaa Tudor na binti mmoja wa mwaka wa tatu, laptopu yake mezani, tukauchora mchoro huu kwa programu fupi ya Python. Tulipandisha mkondo polepole. Volteji ikabaki sifuri, sifuri, sifuri, kisha ilipofika ule mkondo wa juu ikaruka ghafla hadi karibu milivolti 0.36, ambayo ni pengo mara mbili. Tukaanza kuushusha mkondo. Mstari haukurudi ulikopitia. Volteji iliendelea kuwepo hata mkondo ulipokuwa mdogo sana, ndipo ikaanguka sifuri. Akaniangalia: "Mwalimu, mbona haurudi njia ile ile?"

Nilimwambia, mwanangu, hapo ndipo umeanza kuiona fizikia yenyewe. Zile pembea za watoto za Idd viwanja vya Makadara, chukua moja yenye vyuma badala ya kamba, uisukume kwa nguvu isiyobadilika. Nguvu ikiwa ndogo, pembea huinama kidogo ikatulia. Ikizidi kiasi, hupinduka juu na kuanza kuzunguka bila kusimama. Na ukishaipata kasi, hata ukipunguza nguvu, itaendelea kuzunguka kwa uzito wake. Pembe ya pembea ndiyo awamu ya kiungo, yaani tofauti ya hatua ya mawimbi ya kwantamu kati ya superkondakta mbili, nguvu ya kusukuma ni mkondo, na kasi ya kuzunguka ni volteji. Mlinganyo wa pembea na wa kiungo ni ule ule, herufi tu ndizo zinazobadilika. Kasi hiyo haikisiwi kwa macho: kila mikrovolti moja inaizungusha awamu kwa megahezi 483.6, nambari inayotokana na chaji ya elektroni na namba ya Planck pekee. Ndiyo maana maabara za vipimo duniani hupima volti kwa viungo hivi.

Ukiumaliza mchoro huo, hatua ya pili ni kuondoa kihami. Gusanisha metali ya kawaida na superkondakta moja kwa moja, halafu jiulize itakuwaje elektroni moja ikifika mpakani na nishati iliyo chini ya pengo. Ndani hakuna nafasi ya elektroni iliyo peke yake. Mwaka 1964 Alexander Andreev alieleza kinachotokea: elektroni huingia na mwenzake kama jozi, na nyuma yao hurudi tundu, yaani nafasi iliyoachwa na elektroni, kwa njia ile ile elektroni iliyojia. Kwa kila elektroni inayofika, chaji mbili zinavuka. Kwa hivyo kiungo kisafi chenye njia moja tu ya kupitisha elektroni, ambacho kwa metali za kawaida kingekuwa na ukinzani wa kilo-omu 12.9, hushuka hadi nusu yake, 6.45.

Mimi naipenda sehemu hii kuliko zote, na nakusihi usiipite mbio. Blonder, Tinkham na Klapwijk waliiandikia kanuni mwaka 1982, na kanuni zao zinaenea ukurasa mmoja wa daftari. Zina kigezo kimoja kikuu, Z, kinachosema mpaka ni mchafu kiasi gani. Weka Z sifuri uone upitishaji, yaani wepesi wa umeme kupita, ukiwa mara mbili ndani ya pengo. Panda hadi 0.5, kisha 1, kisha 5, uone bonde likichimbika katikati na vilele viwili vikiinuka kwenye kingo za pengo. Fanya hivyo jioni moja ukiwa umetulia, na siku utakapoona data halisi ya mtu utaweza kuiangalia tu na kujua mpaka wake ulikuwa wa aina gani.

Hapo sasa ndipo pa kupakua Kwant, programu ya bure ya Python iliyotungwa hasa kwa kukokotoa jinsi elektroni zinavyopita kwenye vifaa vidogo. Haihitaji mashine kubwa. Anza na waya mwembamba wenye nukta chache za kimiani (gridi ya nukta inayowakilisha kifaa), si kifaa kizima ulichokiona kwenye jarida, na kila mara hakikisha jumla ya vinavyopita na vinavyorudi, elektroni na matundu pamoja, inalingana na idadi ya njia ulizoingiza. Isipolingana, usiuamini mchoro hata ukiwa mzuri vipi. Hifadhi matokeo kila hatua, maana stima haibishi hodi ikitaka kupotea, na hesabu ndefu ziweke usiku laptopu ipate kupumua.

Na kuwa mzito wa kuamini vilele. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha makala iliyodai upitishaji wa kima maalumu kwenye volteji sifuri, dalili ya chembe za Majorana, chembe ambazo ni sawa na kinyume chao wenyewe na ambazo wengi walikuwa wakizitafuta. Mwaka 2021 makala hiyo iliondolewa na waandishi wake wenyewe. Kilele cha volteji sifuri kinaweza kutokana na hali za kawaida za Andreev, elektroni na matundu yaliyonaswa ndani ya kifaa, na ukiwa na Kwant unaweza kukizalisha wewe mwenyewe bila Majorana hata mmoja. Jaribu. Hilo litakufundisha tahadhari kuliko nasaha zangu.

Ukifikia hapo uko tayari kuomba nafasi nje. Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, iko EAIFR, taasisi ya utafiti wa sayansi ya msingi ya Afrika Mashariki, yenye shahada ya uzamili katika fizikia ya maada mango, na si mbali nasi. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na hugharamia masomo na maisha. Unapowaandikia, usijaze ukurasa kwa habari ya jinsi unavyoipenda sayansi. Ambatisha mchoro wako wa Z, sema umetumia pengo gani na halijoto gani, na utaje kitu kimoja ndani yake ambacho hujakielewa na ungependa kukifuatilia.