Breki za nyuma katika kupe (gari la michezo la milango miwili) ya zamani: ngoma au diski?

SWALI: Ninaishi Mbezi Beach na nimeonyeshwa Toyota Celica mbili za mwaka 2001. Moja ina breki za ngoma nyuma. Nyingine ina diski kwenye magurudumu yote manne, na bei yake imezidi kwa shilingi milioni tatu. Marafiki wananiambia kwamba gari la michezo lenye ngoma halifai kununuliwa. Muuzaji wa ile ya kwanza anasema fundi wake anaweza kunifungia diski nyuma kwa gharama ndogo. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile la mwisho, kwa sababu ndilo lenye hatari: usikubali kubadilishiwa ngoma kwa diski kwa gharama ndogo. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli) na vali ya kugawa shinikizo kati ya mbele na nyuma vilipimwa kiwandani kwa ajili ya breki zilezile zilizofungwa. Ngoma, ambayo viatu vyake huibana kwa ndani, hujisaidia yenyewe, kwani mzunguko wa gurudumu hukivuta kiatu kimoja kizidi kubana, na diski, ambayo hubanwa na pedi pande mbili, haina msaada huo. Ukibadilisha upande wa nyuma peke yake, mgawanyo ule unavurugika: ama nyuma inabaki dhaifu, ama inajifunga kabla ya mbele na gari linageuka mkia ukiwa kwenye mwendo na barabara imelowa. Kwa kupe nyepesi nyuma, hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kebo za handibreki nazo hazifanani.

Sasa turudi kwenye magari yenyewe. Gari linapopunguza mwendo kwa ghafla, uzito wake huhamia mbele, na mara nyingi breki za mbele hufanya asilimia 70 ya kazi au zaidi. Katika Celica, ambayo injini iko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, breki za nyuma kazi yao kubwa ni kulituliza gari lisiyumbe na kulishikilia likiegeshwa. Kwa kazi hiyo ngoma nzima inatosha kabisa. Toyota wenyewe waliliona hivyo: kwa soko la Marekani, Celica GT ya nguvu za farasi 140 ilitoka na ngoma nyuma, na GT-S ya nguvu za farasi 180 ikatoka na diski. Kwa hiyo milioni tatu unazodaiwa huenda ni bei ya injini zaidi kuliko breki. Fungua boneti usome kibao: ZZT230 ina injini ya 1ZZ, ile ya kawaida, na ZZT231 ina 2ZZ, ile yenye nguvu zaidi.

Diski ina ubora wake wa kweli, nao ni joto. Ngoma ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu, hivyo pedeli hushuka. Diski ikitanuka husogelea pedi, tena iko wazi kwa upepo. Ukiwa mtu wa kwenda Iringa mara kwa mara na kuteremka mlima Kitonga, tofauti hiyo utaihisi, ingawa hata huko gia nzito ndiyo inayopaswa kubeba gari. Vilevile diski hukauka upesi baada ya kupita kwenye maji, ilhali ngoma iliyoingia maji ya Jangwani wakati wa masika hubaki na tope na unyevu ndani.

Lakini kwa foleni zetu za Bagamoyo Road, breki za nyuma hubanwa kidogo tu, na gari linalolala karibu na bahari hupata kutu mapema. Pini ambazo kalipa (kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski) huteleza juu yake hukauka na kushika. Mwaka jana niliifungua kupe moja iliyosifiwa kwa diski zake nne: pedi ya ndani upande wa kushoto ilikuwa imebaki chuma kitupu, ya nje ikiwa nene kama karatasi kumi zilizobandikwa pamoja. Pistoni yake ilikuwa ya aina inayobeba handibreki, ambayo hurudishwa kwa kuizungusha, nayo ina mikato ya msalaba usoni kwa ajili hiyo. Fundi aliyetangulia aliisukuma kwa jeki ya mkono akaiharibu ndani. Mwenye gari alidhani ana breki bora kuliko jirani yake mwenye ngoma.

Kwa hiyo kagua hivi. Endesha kila gari nusu saa, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kugusa. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, kuna kitu kimeshika. Panda mwinuko, vuta handibreki, weka gia huru na uone kama gari linasimama. Toa magurudumu: unene wa mwisho wa diski, au kipenyo cha mwisho cha ngoma, kwa kawaida hupigwa kwenye chuma chenyewe, basi fundi apime. Ndani ya ngoma tazama kama silinda ndogo inavuja.

Yakifaulu yote mawili na huna haja ya injini yenye nguvu zaidi, mimi ningechukua la ngoma. Katika fedha iliyobaki ningenunua mipira mipya ya breki, pedi nzuri za mbele na mafuta mapya ya breki, maana mafuta ya DOT 3 yanayochemka kwa nyuzi 205 yakiwa mapya huweza kushuka hadi 140 yakishanyonya unyevu, na unyevu wa Dar es Salaam unaufahamu.