Aliyebomoa ndiye mdaiwa: je, sadaka yangu inamfutia deni?

SWALI: Shekhe, assalaamu alaykum. Mimi ni mjane wa Micheweni, Pemba. Nimeuza karafuu zangu, nikanuia kuwatolea kitu ndugu zetu wa Gaza wajenge upya. Mwanangu kanizuia: anasema aliyebomoa ndiye ajenge, na tukitoa sisi tunampunguzia dhalimu deni. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, mama yangu. Swali lako limenikosesha raha, maana maneno haya nayasikia hata barazani baada ya Ijumaa, na yanawafanya watu wafumbe mikono huku wakijiona wametetea haki.

Nusu yake ni kweli, na simruhusu mtu ailegeze. Khalid bin Walid, jemadari aliyetumwa na Mtume, alipowaua watu wa kabila la Banu Jadhima pasi na haki, Mtume (s.a.w.) alinyanyua mikono akajitenga mbele ya Mola na kitendo kile. Kisha, kama ilivyopokewa katika sira, yaani habari za maisha yake, akamtuma binamu yake Ali na mali awalipe damu zao na vitu vyao, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Chombo cha mbwa! Seuze nyumba, hospitali na misikiti? Na dunia inalijua hili inapotaka. Iraki iliivamia Kuwait mwaka 1990, Umoja wa Mataifa ukaitwisha fidia, ikakatwa mapato ya mafuta mpaka mwaka 2022, jumla dola bilioni 52.4. Makadirio ya Februari 2025 ya gharama za kuijenga upya Gaza yalikuwa dola bilioni 53.2. Mbona huku hakatwi mtu?

Lakini kusema sadaka yako inamfutia dhalimu ni kauli batili. Deni la mtu humwondokea kwa mkono wa mwengine pale mwengine huyo anapolilipa kwa nia hiyo. Wewe humlipii mtu, unamsitiri aliyedhulumiwa. Jirani akichomewa nyumba ukampa nguzo na makuti, aliyechoma bado anadaiwa nyumba nzima, hapa na Akhera. Tena anayetaka tungoje dhalimu alipe kwanza, anamngojesha nani? Mtoto aliye hemani. Ali mwenyewe alipokwisha kulipa yote, akabakiwa na mali, aliwaachia wale watu.

Na wanaosema walipe matajiri wa Ghuba: wajibu wao ni mkubwa, lakini hauzuii thawabu zako.

Zaka ni mlango mwengine. Ikiwa pesa zako zimefika nisabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka, kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa zaka haihamishwi ilhali mafakiri wapo mjini, na Micheweni wapo. Wape wao. Gaza peleka sadaka.

Wala usitoe zote, mama. Kama una deni dukani, lilipe kwanza, na ubakishe chakula cha nyumba mpaka msimu mwengine. Mwanao usimgombeze, hasira yake ni ya uchungu wa haki. Ila jihadharini na wanaochangisha kwa simu msiowajua. Mpe yeye hiyo sadaka aifikishe kwa mtu mnayemwamini, na arudi na risiti.

Wallahu aalam.